Waacheni watu wamuulize Mungu

Bwana Mhariri,

Naandika juu ya hii tabia ya wahubiri wengine hapa Goma ya kufunga watu kinywa. Mtu akisema tu "Mungu ametuacha ama?", palepale anaambiwa imani yake iko kidogo, aende kufunga na kuomba. Muji umepita kwenye lava ya volkano ya Nyiragongo 2002, ikarudi Mei 2021, vita ikaingia Januari 2025, benki zikafunga, na bado munataka watu wasiulize?

Sasa Gideoni munamuweka wapi? Waamuzi sura ya 6, Wamidiani wanamaliza mavuno, jamaa anapura ngano kwa kujificha kule kwenye shinikizo la zabibu, malaika anamwambia Bwana yuko pamoja nawe, na yeye badala ya kusema Amina anajibu kama yuko nasi mbona haya yote yametupata, yako wapi maajabu baba zetu walitusimulia? Hilo ni swali la mitaa yetu hapa Goma, la Birere kabisa, la Mugunga pia. Mungu hakumkaripia. Ila tuseme ukweli, hakumueleza sana sababu, alimwambia enda na hiyo nguvu uko nayo, na Gideoni alipoanza kuomba alama na ngozi ya kondoo, leo ngozi ilowe na udongo ukauke, kesho kinyume, Mungu alikubali mara zote mbili. Mimi ningechoka naye tangu ya kwanza!

Musa naye pale kwenye kichaka alipanga sababu moja juu ya ingine, mimi ni nani, hawataniamini, ulimi wangu muzito, mwishoni akasema wazi tuma mwingine. Hapo Mungu alikasirika, imeandikwa, siwezi kuficha. Lakini hata na hiyo hasira alimpa ndugu yake Haruni awe msemaji, na Haruni alikuwa tayari njiani anakuja kumlaki.

Najua mutanitolea Zakaria, baba ya Yohana Mbatizaji, aliyefungwa ulimi juu aliuliza. Sawa. Lakini mtoto Yohana alizaliwa vilevile, na ulimi ukafunguka siku ya kumupa jina.

Na Ayubu je? Aliyelalamika sura kwa sura njo Mungu alisema amesema sawa, wale marafiki waliokuwa wanajifanya mawakili wa Mungu njo walitumwa kutoa sadaka ya kuteketezwa na kuombewa na yeye. Ayubu 42, mstari wa 7 na wa 8, ningependa isomwe kwenye mikro Jumapili moja bila kuongeza mahubiri juu yake.

Kwenye ibada zetu kuna saa ya matangazo, saa ya korali, sadaka inapita mara mbili hata tatu. Tupatieni na saa kidogo ya maswali, pasta akikosa jibu akae tu asikilize, na mtu aliyeuliza musimupeleke mbele kumutoa pepo.

Msomaji wenu,
Katindo, Goma