Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Chuo: Tufungulie Madirisha

Kwa Mkuu wa Chuo,
Nakuru.

Bwana Mkuu,

KUH: MADIRISHA YALIYOTIWA SKRUBU KATIKA JENGO JIPYA

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na sina shaka ofisini kwako hewa inaingia vizuri, maana kila nikipita uani huona dirisha lako likiwa wazi tangu asubuhi.

Mimi ni mwanafunzi wako wa diploma ya umeme, mwaka wa pili. Ningeandika barua ya kawaida na kumwachia karani, ila hilo nimeshalifanya hadi karani ameanza kunikwepa. Kilichonisukuma kuandika hadharani ni karatasi iliyobandikwa Jumatatu kwenye ubao wa idara yetu: orodha ya wasioruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho wa muhula kwa kuwa mahudhurio yao hayakufika asilimia 75. Jina langu limo. Siku nilizokosa darasa, Bwana Mkuu, nilikuwa wodi ya watoto nikimshika mwanangu mikono asing'oe mrija wa oksijeni.

Binti yangu ana miezi mitano. Tunaishi Kaptembwo, chumba kimoja, na jirani hunikalia na mtoto nikiwa darasani. Baridi ya Julai ilipoanza, darasa letu zima lilikuwa likikohoa. Mimi nilipata mafua ya kawaida, pua na koo, yakaisha yenyewe. Yeye alianza kwa chafya, kisha akakataa kunyonya, na usiku mmoja nikaona mbavu zikiingia ndani kila akivuta pumzi. Naomba mtu asiniulize kama nilimpeleka kliniki. Kadi yake imejaa mihuri, na chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 alidungwa zote. Daktari alinieleza kuwa chanjo hiyo hukinga dhidi ya bakteria, na kwamba kwa watoto wa umri wake msumbufu mkubwa ni kirusi kiitwacho RSV, ambacho kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi ni mafua ya kupangusa kwa leso. Hakukuwa na kipimo cha kuthibitisha. Aliniuliza tu: pale nyumbani, nani hushinda na watu wengi? Nani mwingine, kama si mimi.

Niliporuhusiwa kutoka wodini nilienda kusoma. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi walifuatilia familia zenye watoto wachanga kati ya 2009 na 2010, wakipima pua za watu wote wa nyumba hata wasiokuwa na dalili yoyote. Walikuta kuwa watoto wengi walioambukizwa RSV walikipata kirusi hicho mle mle nyumbani, na mara nyingi aliyekiingiza alikuwa ndugu mkubwa anayesoma. Mwanangu hana ndugu. Msomi wa nyumba yetu ni mama yake.

Sasa tufike kwenye chumba chenyewe, kwa sababu sidhani umewahi kukikalia. Ni orofa ya pili, katika jengo lile lililozinduliwa kwa utepe na keki. Somo la hesabu tunaunganishwa madarasa mawili, wengine wanakaa kwenye vizingiti vya madirisha kwa kukosa viti. Madirisha ni ya alumini, ya kusukuma, makubwa na mazuri kweli, na kila moja limetiwa skrubu mbili kwenye fremu. Sababu rasmi hatujaambiwa. Wengine husema ni tangu kompyuta zilipoibiwa. Wengine husema askari wa usiku alichoka kuzunguka akiyafunga. Mimi nashuku yote mawili ni kweli, na zaidi ya hayo fundi aliyetumwa alilipwa kwa idadi ya madirisha, maana amefunga hata lile la chooni. Ukutani kuna feni mbili za kutolea hewa. Swichi zake zimezibwa kwa utepe mweusi, na kwenye kisanduku cha umeme pale koridoni waya zake zimechomolewa kabisa. Nadhani ni bili ya stima. Ikifika saa tisa alasiri vioo vinatiririka maji kwa ndani. Maji hayo, Bwana Mkuu, ni pumzi zetu.

Na pumzi ndiyo safari ya hivi virusi. Mtu akikohoa, akicheka, hata akisoma tu kwa sauti, hutoa chembe za mate na kamasi. Kubwa huanguka karibu, au hushikwa kwa mikono na kupelekwa puani. Ndogo sana huelea, na katika chumba kilichozibwa huzidi kuongezeka mpaka mtu aliyekaa kiti cha nyuma anavuta alichotoa mtu wa kiti cha mbele. Korona husafiri hivyo, na homa ya influenza pia. Hewa ikipita, chembe hizo hupungua. Hakuna siri kubwa hapa.

Tangazo lako la mwezi uliopita nimelisoma. Lilitutaka tunawe mikono kwa sabuni. Ushauri mzuri, na kwa RSV hasa ni wa maana, kwa kuwa mikono hukibeba. Lakini tunawe wapi? Yale mabomba ya kukanyaga kwa mguu yaliyowekwa wakati wa korona yamekauka, na tangi la langoni askari huegemezea baiskeli. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Nilikuwa kidato cha pili. Tuliporudi shuleni Januari 2021, shule yetu ya kijijini, isiyokuwa hata na saruji sakafuni, ilifungua kila dirisha na kuning'iniza vibuyu chirizi vya kunawia mikono nje ya kila darasa. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa dharura ya dunia imekwisha. Inaonekana hapa chuoni tangazo hilo lilieleweka kwamba mapafu pia yamestaafu.

Labda utasema hewa ya dirishani ni mambo ya kizamani na tungoje mitambo ya kubadilisha hewa. Huko Lima, Peru, watafiti walipima vyumba 70 vya hospitali visivyo na mitambo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ya chumba ilibadilika takriban mara 28 kwa saa. Vyumba vyenye mitambo maalumu vilipata mara 12. Na majengo ya zamani, yenye dari za juu na madirisha mapana, yaliyashinda yale ya kisasa: mara 40 kwa 17. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu sisi tunalo jengo kama hilo. Ule ukumbi wa mabati ulio nyuma ya jikoni, wenye dari ambayo hata kwa ngazi huifikii, umegeuzwa stoo ya viti vibovu. Viti vinapumua vizuri kuliko wanafunzi.

Najua kuna baridi. Nakuru si Kisumu. Asubuhi ya Julai upepo ukitoka upande wa Menengai, wenzangu ndio wangekuwa wa kwanza kufunga. Basi yafunguliwe yote saa za kubadilishana vipindi, na wakati wa somo yaachwe wazi kiasi, huku na huku, hewa ipite. Tutavaa sweta. Sweta tunazo.

Halafu hii ya mahudhurio. Mtu mwenye influenza huanza kuambukiza tangu siku moja kabla ya dalili, na siku tatu za kwanza za ugonjwa ndizo anaambukiza zaidi. Hizo ndizo siku ambazo kanuni yako inamtaka aje kutia sahihi. Karatasi ya ruhusa hutolewa na zahanati ya chuo pekee, na zahanati hufungwa saa kumi, na ukiwahi utapewa Panadol na kuambiwa mafua si ugonjwa. Kwa hiyo tunakuja. Tunakuja na homa, na leso, na kikohozi kile cha kushika kifua, kwa sababu kubaki kitandani ni kupoteza muhula. Katika orodha ile ya Jumatatu sijaona jina la yeyote aliyekuja mgonjwa akatugawia. Waliokaa nyumbani ndio walioadhibiwa.

Januari, katika kamukunji, ule mkutano wa wanafunzi wote, ya kufungua muhula, ulisimama mbele yetu ukasema madirisha ya jengo jipya yatafunguliwa kabla ya Pasaka na kuwekwa vyuma vya kuzuia wezi. Tulikupigia makofi, mimi nilikuwa mjamzito wa kuelemewa na nilisimama. Pasaka imepita. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini hapa chuoni deni linalotambulika ni karo tu, na hilo hamjawahi kulisahau hata siku moja. Kwa habari ya karo, yangu ya muhula ujao imekwenda hospitalini. Imelipa kitanda, dawa na nauli, na nyingine nimempa jirani ambaye sasa anaogopa kumshika mtoto kwa sababu anadhani ameambukizwa ndui au kitu gani sijui. Mtoto anahema vizuri sasa, namshukuru Mungu. Usiku akikohoa mara moja mimi huamka na kuwasha taa nimtazame mbavu.

Nilikuwa nimeandika pia kuhusu sabuni, kuhusu vyumba vya hosteli vya watu wanne wanavyolala wanane, kuhusu barakoa zinazouzwa pale kantini kwa bei ya mandazi matatu. Nimeyafuta. Hata jina langu kwenye orodha ile, lizungumzie ukipenda, na usipopenda nitarudia muhula. Nisije nikaomba mengi ukasema suala ni zito, linahitaji kamati. Naomba moja tu: skrubu zile zitolewe. Madirisha yafunguke, basi. Halihitaji zabuni wala mkutano wa bodi.

Kama shida ni fundi, darasa letu lote ni mafundi. Feni tutaziunganisha tena kama somo la vitendo, mwalimu wetu akisimamia, na hamtatulipa hata soda. Skrubu nimeziangalia, ni za kichwa cha msalaba, na bisibisi yake ninayo mkobani. Ninachokosa ni karatasi yenye sahihi yako, ili askari asiseme naharibu mali ya chuo.

Wako mtiifu, hadi sasa,
Mama Mtoto,
Diploma ya Umeme, mwaka wa pili.