Mwanangu, kuhusu Genghis Khan

Mwanangu Bakari,

Salamu zangu zikufikie wewe, bibi yako na wadogo zako. Mimi mzima, ila baridi ya huku si mchezo. Tuko mkoa wa Khentii, mashariki ya Mongolia, karibu na mto Onon. Nimeona nikuandikie kirefu, maana swali lako halijibiki kwa ujumbe wa simu.

Kwa ajili ya insha yako uliniuliza: Genghis Khan, mtawala aliyeanzisha dola ya Wamongolia, ni shujaa au muuaji? Huku hakuna anayesita kumwita shujaa. Uwanja wa ndege tuliotua una jina lake, sura yake imo kwenye noti, na nje ya Ulaanbaatar, pale Tsonjin Boldog, amepandishwa juu ya farasi wa chuma kisichoshika kutu, sanamu ya mita 40 iliyokamilika mwaka 2008. Mzee mwenyeji wetu alitukaribisha kwenye hema lake la duara, akatupa chai ya maziwa yenye chumvi, na nyuma yake ukutani limetundikwa zulia lenye picha ya huyohuyo. Akatueleza kwamba utotoni mwake jina hilo halikutajwa ovyo. Vitabu vya shule vya enzi za ukomunisti vilimwita mkandamizaji. Mwaka 1962, ilipohesabiwa miaka 800 tangu azaliwe, ulijengwa mnara hapa Dadal na stempu zikachapishwa. Moscow, ya Wasovieti waliokuwa na sauti juu ya Mongolia enzi hizo, ikachukia, na Tömör-Ochir, mmoja wa wakubwa wa chama, akavuliwa madaraka. Watu walionyimwa babu yao namna hiyo, mimi siwalaumu wakimjengea sanamu ndefu.

Na maisha yake ya awali, mwanangu, yanatia huruma. Baba yake, Yesügei, alilishwa sumu na Watatari. Ukoo ukahama, ukamwacha mjane Hö'elün na watoto wadogo porini. Mama huyo aliwalea kwa matunda mwitu na mizizi, wao wakavua samaki katika mto huu ninaoutazama. Kisha Temüjin, ndilo jina alilozaliwa nalo, pamoja na mdogo wake Khasar wakamuua kwa mishale Bekhter, ndugu yao wa baba mmoja, baada ya ugomvi wa samaki na ndege.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya nikae macho usiku. Habari hiyo haikuandikwa na maadui zake. Imo katika Historia ya Siri ya Wamongolia, kitabu chao wenyewe cha karne ya 13, na humo Hö'elün anawageukia wanawe walioua, anawafananisha na wanyama wanaorarua hata vilivyo vyao. Hakusema ni watoto, hakusema ni njaa. Mama aliyempenda kuliko yeyote ndiye aliyemhukumu wa kwanza, na Wamongolia waliihifadhi hukumu hiyo.

Basi nami nakujibu kama mama. Wewe umekua ukimsikia Imam Bukhari madrasa. Mji wake, Bukhara, ulianguka mwaka 1220. Mwanahistoria Juvayni, ambaye mwenyewe aliwatumikia Wamongolia, anasimulia kwamba masanduku ya misahafu yalitolewa msikitini yakafanywa mahali pa kulishia farasi. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya miji ya Merv na Nishapur. Kwa Merv pekee Juvayni anataja maiti zaidi ya milioni 1.3. Wataalamu wa leo wanaona hesabu hiyo imetiwa chumvi, nami nakubali. Ipunguze mara kumi, bado ni watu zaidi ya laki moja, wanawake na watoto wakiwemo, wakiachwa hai mafundi waliohitajika.

Utasoma kwamba alichokozwa, na ni kweli. Gavana wa mji wa Otrar aliuua msafara wake wa wafanyabiashara, wengi wao Waislamu, na Shah wa Khwarezm, dola ya Kiislamu iliyotawala miji hiyo yote, akamuua mjumbe aliyetumwa kudai haki. Utasoma pia kuhusu vituo vya farasi vya kupeleka habari, njia za biashara zilizotulia, na viongozi wa dini mbalimbali waliosamehewa kodi. Katika Karakorum, mji mkuu uliojengwa na mwanawe Ögedei, mgeni wa mwaka 1254 alikuta misikiti miwili na kanisa. Yaandike yote hayo kwenye insha yako, usiyafiche. Ila usikubali yatumike kulipia deni la Merv. Mfanyabiashara aliyepita salama Samarkand miaka 30 baadaye hana alichomrudishia mama wa Nishapur.

Nilimwuliza mzee kuhusu miji hiyo. Alinyamaza, kisha akasema kwamba shuleni hakufundishwa majina yake, akaniomba nimwandikie. Nimemwandikia Bukhara, Merv, Nishapur na Urgench kwenye daftari la mjukuu wake.

Nikipata intaneti nitakutumia picha za mnara wa Dadal. Mkumbushe bibi dawa zake za presha, na insha uimalize kabla sijafika ili niisome kwanza.

Wasalaam,
Mama yako