Barua za kazi zisomwe kabla ya kutukataa masta

Mhariri, naomba nafasi niongee kuhusu hii maneno ya masta, yaani shahada ya uzamili. Digrii yangu ni ya daraja la pili la chini, na vyuo vingi hapa Kenya husema mtu kama mimi anaweza kuingia bora awe na uzoefu wa kazi wa miaka 2, sasa mimi nimefundisha miaka 4. Nikalipa ada ya maombi ile hairudishwi, nikatoka Kayole hadi chuoni na bahasha yangu ya kaki, barua ya mwalimu mkuu ya kuthibitisha kazi yangu iko ndani na muhuri, karani pale dirishani akaangalia gredi tu akanirudishia, barua hata hakuifungua! Iliniuma sana. Tafadhalini nyinyi wa vyuo, masharti yote yaandikwe wazi kabla hatujalipa, pia mtuambie mapema masta gani ni ya tasnifu, yaani kuandika utafiti mrefu, na gani ni ya masomo na mradi, sisi tunasoma jioni tukitoka kazini.

Mwalimu, Kayole, Nairobi