Kukwaruza Kioo Hakulifanyi Jiwe Kuwa Almasi

Juzi kaka mmoja ametoka hapa kwenye duka letu la vito Arusha na hasira, akisema tunataka kununua almasi yake kwa bei ya chee tukaiuze Bangkok. Jiwe lake la mtoni, kutoka Tunduru, lilikuwa jeupe, la mviringo, lina ukungu kama pipi iliyomumunywa. Ushahidi wake ulikuwa mmoja: limekwaruza kioo cha dirisha.

Malalamiko haya hayaishi, kwa hiyo naeleza. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs kioo ni kama 5.5, na kwatsi, madini ya kawaida sana, ni 7. Hata kokoto nyeupe ya barabarani, ikiwa ni kwatsi, itakwaruza dirisha lako. Topazi ni 8, yakuti 9, almasi 10, zote zinakwaruza.

Tulimpimia mbele ya macho yake. Kavu, gramu 26.5. Likaning'inizwa kwa uzi ndani ya maji, 16.5. Limepungua gramu 10, gawa 26.5 kwa 10, unapata 2.65, yaani jiwe ni zito mara 2.65 ya maji ya ujazo uleule. Hiyo ni kwatsi. Almasi ingetoa 3.52, yakuti karibu 4. Hapo hakuna maneno ya dalali, ni maji na mizani.

Kinachotuuma zaidi ni nyundo. Watu wanaamini almasi haivunjiki, basi hulipiga jiwe ili kulijaribu. Inavunjika, na yakuti pia! Mzee mmoja alituletea vipande vya manjano kwenye kiberiti, vikubwa havizidi punje ya mchele. Tulipopima vilikuwa yakuti. Jiwe zima lingemlipa. Vipande vile hatukuweza kuvikata. Mama mwingine alitia ametisti, kwatsi ya rangi ya zambarau, kwenye jiko la mkaa ili "isafike". Zambarau yake inatokana na chuma kilichomo ndani, na moto huiharibu. Ilitoka imepauka na kupasuka katikati.

Kupima tunatoza shilingi 10,000, na ndiyo, tunajua mnaiona kubwa. Ni kazi ya nusu saa: kuosha, lupu (kioo cha kukuzia), tochi, mizani mara tatu. Hatukadirii kwa macho.

Kaka wa Tunduru, kama unasoma: tulipolisugua jiwe lako upande mmoja ili tuone ndani, palikuwa safi, ufa mmoja tu pembeni. Linakatika vizuri kwa kidani. Tafadhali usilipige nyundo.