Barua kwa mwanangu: kabla hujawapandisha watoto treni ya London

Mwanangu Hawa,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa safari ya London nimeupata jana baada ya isha, na nimeona nikujibu kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza. Kwamba mumeo Musa anabaki Kampala kwa kazi na atawafuata siku nne baadaye, hilo ndilo limeninyima usingizi. Ndege haina neno. Baridi haina neno, ni Julai. Ninachokiogopa ni mlango wa treni ya chini ya ardhi: wewe ndani, Idi nje. Au Idi ndani na wewe nje.

Usiniambie unaijua London. Unaijua ile ya mtu mwenye begi moja mgongoni. Sasa una Rehema wa miaka 8, Idi wa miaka 5 na Zaituni ambaye hajaacha kunyonya, na mikono yako ni miwili ileile.

Nyumba mliyokodi Camden ni nafuu kweli, lakini kituo cha Camden Town hakina lifti. Kuna ngazi za umeme tu, na kigari cha mtoto kwenye ngazi hizo ni mzigo wa kukunja na kubeba. Siku za treni mfunge Zaituni kwa mbeleko, kigari kibaki nyumbani. Barabarani akae mgongoni. Mkishafika jukwaani mhamishie kifuani, maana ukiwa mlangoni huoni miguu yake imefika wapi nyuma yako. Mikono yote miwili iwe ya wale wakubwa. Usimpe Rehema kazi ya kumshika Idi. Ni mtoto hodari, ameshasoma majina ya vituo vyote kwenye ramani uliyompa, na kwa hilo nimejivuna mbele ya majirani. Lakini Idi akiona kitu huvuta, na Rehema hana uzito wa kumzuia. Kwenye ngazi za umeme simameni upande wa kulia, miguu mbali na pembeni. Zile ndara laini za mpira usiwavalishe watoto siku hiyo, kwa sababu hunaswa kwenye meno ya ngazi.

Jukwaani mkae ukutani, si ukingoni, mpaka treni isimame kabisa. Tafuta milango mipana ya katikati ya behewa. Ile ya mwisho wa behewa kwenye treni nyingi, zikiwemo hizo za Camden, ni ya bawa moja, na nyinyi hamwezi kuingia sambamba hapo. Wanaoshuka wapite kwanza. Kisha ingieni pamoja, watoto wakiwa nusu hatua mbele yako. Usitangulie wewe ukawavuta, kwa maana anayevutwa ndiye anayebaki. Mlango ukishaanza kulia, msiingie, hata ukiona nafasi tele ndani. Treni nyingine iko njiani, ni suala la dakika chache. Hizo si taksi za hapa Jinja, zile basi ndogo. Hakuna konda wa kugonga bati ili dereva asubiri.

Na mlango ukifunga? Hapa nataka usome mara mbili. Aliyebaki jukwaani anarudi ukutani na hasogei. Aliyechukuliwa na treni anashuka kituo kinachofuata, anasimama ukutani na hasogei. Idi usimchanganye na mengi, mfundishe moja tu: "Mama haonekani, nasimama, namwambia mtu wa sare." Alirudie kila jioni mpaka aliseme bila kufikiri. Wewe nawe, kabla ya kukimbilia treni ya nyuma, bonyeza kisanduku cha msaada kilicho ukutani. Kitufe cha kijani ni cha dharura, cha buluu ni cha maswali. Wafanyakazi watapiga simu kituo cha mbele, na mtu atafika kwa mtoto kabla yako. Ukiwa wewe ndiye uliyechukuliwa na treni, shuka kituo kinachofuata, bonyeza cha hapo, ndipo uvuke upande wa pili urudi.

Hapo Camden Town pana jambo jingine. Treni za kwenda kusini hugawanyika, na jukwaa moja linaweza kuleta za njia zote mbili. Treni inayopitia Charing Cross husimama kwanza kituo cha Mornington Crescent. Inayopitia Bank huenda moja kwa moja Euston. Ukipanda inayofuata bila kusoma ubao, unaweza kumpita mtoto wako akiwa amesimama mahali alipoambiwa asimame. Ndiyo maana nasema kisanduku kwanza, miguu baadaye.

Geti la tiketi nalo ni mlango. Lile jembamba humpitisha mmoja na kufunga. Nenda kwenye geti pana, ambako kwa kawaida mfanyakazi huwa karibu, mpite wote kwa pamoja. Watoto wa chini ya miaka 11 hawalipi kwenye mabasi, wala kwenye treni hizo, ambako ni hadi wanne kwa mtu mzima mmoja anayelipa. Wewe gusa kadi yako ya benki, na uguse ileile ukitoka. Ukiingia kwa kadi ukatoka kwa simu, mashine inahesabu watu wawili ambao hawakumaliza safari, na utakatwa nauli ya juu mara mbili. Basi halipokei pesa taslimu tangu 2014.

Treni ya kutoka uwanja wa ndege wa Gatwick ina utaratibu wake. Zaituni ni bure, lakini Rehema na Idi wanalipa nusu, na nusu hiyo huipati kwa kugusa kadi. Wanunulie tiketi dirishani. Panda treni ya Thameslink, inafika stesheni ya St Pancras bila kubadilisha. Kutoka hapo hadi Camden ni karibu, na kwa siku hiyo ya mizigo chukua teksi nyeusi ulipe. Lile neno nililosema mezani kuhusu gharama, liache lilale.

Laini ya simu ya kule inunue uwanjani, namba uiandike kwa kalamu ya wino mkononi mwa kila mtoto, ndani ya kiwiko, kila asubuhi. Kila asubuhi piga picha yao pia wakiwa wamevaa nguo za siku hiyo, ili ukiulizwa usianze kukumbuka rangi ya shati. Chaja usihangaike, soketi zao ni za miguu mitatu kama zetu.

Orodha yako ya matembezi nimeisoma. Mambo sita kwa siku moja, Hawa? Mawili yanatosha, na katikati uwanja wa kuchezea. Coram's Fields, karibu na Russell Square, mtu mzima haingii bila kuja na mtoto, kwa hiyo utapumua pale. Makumbusho ya Natural History hayana kiingilio, yanafunguliwa saa nne asubuhi. Shukeni kituo cha Leicester Square, mchukue treni ya njia ya Piccadilly hadi South Kensington, mwingie kwa mlango wa Exhibition Road. Mifupa ya nyangumi yenye mita 25 inaning'inia ukumbi mkubwa tangu 2017. Mwache Idi alale chali sakafuni aitazame, hakuna atakayemfukuza. Ukitaka kuwaonyesha mji wenyewe, basi namba 24 kutoka Camden linapita Trafalgar Square na Bunge hadi Victoria, na viti vya mbele ghorofani vinashinda basi lolote la watalii. Basi halina hofu zangu. Siku nne hizo za peke yako, ningekuwa wewe, ningepanda mabasi tu. Ukilazimika kupanda treni, isiwe kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, wala kati ya saa kumi na saa moja jioni. Musa akifika fanyeni mtakavyo, mmoja akiwa wa kwanza kuingia na mwingine wa mwisho.

Jua la huko mwezi huo huzama karibu saa tatu usiku na kuchomoza karibu saa kumi na moja alfajiri. Watoto wa hapa wamezoea giza la saa moja. Beba leso mbili nzito na vibanio vya nguo, uzibe dirisha.

Homa. Wiki hizi zilizobaki wasilale hata usiku mmoja bila neti, maana malaria huweza kuanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa, yaani mkiwa mmeshafika kule. Mtoto akipata joto, piga 111, simu ya ushauri wa afya ya kule, na neno la kwanza liwe kwamba mmetoka Uganda na mnataka kipimo cha malaria siku hiyohiyo. Usipolisema, wanaweza kudhani ni mafua. Akilegea au akianza kutetemeka bila kukoma, ni 999, namba ya dharura.

Kuhusu karatasi, umefanya vizuri kushughulikia visa zote bila wakala, si kila mtu angeweza. Hakikisha tu visa za watoto zinakutaja wewe kama mtu wanayesafiri naye. Beba vyeti vyao vya kuzaliwa vya asili na barua ya ridhaa ya baba yao yenye muhuri wa wakili, kwa sababu mnaondoka bila yeye. Kadi za chanjo ya homa ya manjano ziwe kwenye begi la mkononi. Mtaulizwa Entebbe mkirudi.

Funguo za nyumba mwachie wifi yako, usimpe yule askari mpya. Nunua tokeni za Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, za kutosha, friji isije ikazimika na nyama waliyoihifadhi watu humo. Kuku nitawachukua mimi, ila banda lao halina mlango wa maana, mwambie Musa aje na bawaba.

Jumamosi njoo na Idi. Nitakwenda naye stendi ya taksi asubuhi wakati watu ni wengi, nimwachie mkono kwa makusudi nikiwa hatua mbili nyuma yake, nione kama atasimama. Tutarudia mpaka asimame. Na ukija, pitia dukani unijazie mtungi wa gesi, huu umeisha tangu juzi.

Mama yako