Anayelala kibarazani naye apewe barua ya mtaa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni mama ninayenunua chupa za plastiki na vyuma chakavu hapa Manzese, Dar es Salaam. Wateja wangu wa alfajiri, wanaofika hata turubai sijalikunjua, wengi wao hawana chumba. Wanalala kwenye vibaraza vya maduka Kariakoo, wengine kwenye meza za soko. Watu wanawajumlisha wote kuwa ni mateja, wala unga. Mateja wamo, sikatai, na wamo pia wanaotia mchanga kwenye chupa ili mzani uende chini. Nawajua kwa sura. Lakini kilo moja ya chupa za maji za nusu lita ni zaidi ya chupa hamsini. Aliyeniletea kilo kumi ameinama zaidi ya mara mia tano kabla jiji halijaamka. Kwa hiyo nikisikia kiongozi anasema hawa wafundishwe kwanza kupenda kazi, nacheka tu.

Wengi hawachukui hela yao yote. Wananiambia, "Mama, niandikie." Ukilala nje na elfu tano mfukoni, unaamka huna hela na pengine viatu navyo havipo. Ndiyo maana nina daftari lenye majina yao, na wengine nawaandika kwa majina ya utani maana ndiyo wanayoitikia. Mtu atauliza, si waweke kwenye simu? Laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na zile zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020. NIDA hawana. Na fomu ya NIDA inataka muhuri wa serikali ya mtaa. Ukifika ofisini swali la kwanza ni nyumba ya nani, la pili mjumbe wako nani. Hapo mtu wa kibarazani anageuza njia.

Mwaka jana mmoja wao, fundi plasta mzuri kutoka Singida, alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala. Sare alishapimwa. Wakamtaka wadhamini wawili na barua ya mtaa anaoishi. Udhamini nilijitolea mimi, na muuza chai jirani yangu akakubali kuwa wa pili. Barua ikakosekana. Jumatatu alikuwa amesimama kwangu na kiroba chake, na sikumuuliza kitu.

Mhariri, hela za kuwainua watu zipo kwenye sheria. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati yake 4 ni za vijana, 4 za wanawake na 2 za watu wenye ulemavu. Kwenye manunuzi ya umma nako kuna asilimia 30 inayotengwa kwa makundi maalumu kama hayo. Kikundi cha waokota chupa kingefaa kabisa, soko wanalo na kazi wanaijua kuliko mkandarasi wa taka mwenye lori. Ila kikundi kinasajiliwa kwa vitambulisho vya wanachama, kinafungua akaunti kwa vitambulisho hivyohivyo, na tunarudi kwenye ule muhuri.

Serikali ikitaka kuwaona, inawaona. Sensa ya 2022, usiku wa kuamkia Agosti 23, waliolala nje walifuatwa hukohuko walikolala wakahesabiwa. Hakuna aliyeulizwa nyumba ya nani. Ikija operesheni ya kuwaondoa mjini pia hawaulizwi, wanapakiwa tu, na baada ya muda nawaona tena kwenye mzani.

Ninachoomba ni kidogo. Mtendaji wa kata aruhusiwe kumwandikia barua mtu anayelala katika kata yake kwa ushahidi wa watu wanaomwona kila siku: mwenyekiti wa soko, imamu au mchungaji, mama lishe anayemuuzia chakula, hata sisi wa mizani. Anayetoa ushahidi wa uongo ashitakiwe, sisi tuko radhi kusaini. Na manispaa inapotangaza zabuni ya kuzoa taka, iweke sharti kwamba mshindi achukue sehemu ya vibarua wake kutoka kwa hawa waliokwishapata barua, walipwe kwa simu zao wenyewe.

Waheshimiwa madiwani wa Ubungo na Ilala wakitaka kuwasikia kwanza, waje saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili watakuwa wameshatawanyika kutafuta mzigo mwingine.

Mama wa mizani,
Manzese, Dar es Salaam