Barua kwa Mwanahawa: ukimya wa Hamisi

Mikindani, Mtwara
Ijumaa usiku

Kwako shoga yangu Mwanahawa,

Salaam nyingi kutoka huku. Mswada wa hadithi yako nimeusoma mara mbili, penseli mkononi. Somoe na Hamisi nimewapenda mno, ndiyo maana sitaki msomaji awaache sura ya tatu kwa sababu ya simu.

Umesema Somoe anatumia kitochi cha mama yake. Basi zile tiki mbili za bluu za WhatsApp ziondoe, kitochi cha aina hiyo hakina. Na kopa, ile emoji ya moyo, alilotumiwa na Hamisi kwa meseji ya kawaida huenda likamfikia kama kiboksi kitupu. Kiboksi hicho kiweke! Binti akikodolee macho usiku mzima, asijue kimesema nini. Halafu kuna hesabu: meseji moja hubeba herufi 160, lakini ukitia emoji moja tu nafasi inashuka hadi 70, na inayozidi hukatwa vipande, kila kipande kikihesabiwa meseji. Somoe aliyebakiwa na meseji tatu atapima kila neno.

Tena simu ni ya mama, kwa hiyo kila meseji lazima aifute akishaisoma. Hapa una hazina ambayo hujaigusa. Wakigombana nani alisema nini, Hamisi ana maneno yote kwenye simu yake. Somoe ana ya kichwani tu, na kichwani yameshabadilika.

Sasa ukimya. Umeandika "Hamisi hakujibu" mara tano bila sababu. Kijana wa Newala, mwezi wa saba, alfajiri yuko shambani anapuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho, kabla upepo haujaamka, majani yakiwa bado na umande wa kuushika unga. Simu kaiacha nyumbani isijae vumbi lile. Meseji iliyoingia 05:40 ataijibu saa nne. Msomaji alijue hilo, Somoe asilijue. Ikifika Oktoba minada ikaanza na hela ya korosho ikaingia, meseji zirefuke. Masika hela imekwisha, zifupike, abaki kutuma ule ujumbe wa bure wa kuomba apigiwe.

Saa kwenye meseji iandike kama simu inavyoionyesha, 22:12. Kwenye masimulizi sema saa nne usiku. Ukichanganya, msomaji atadhani Somoe anachati asubuhi darasani. Wala usiweke saa kila mstari, weka pale tu kuchelewa kunapouma.

Mwandiko wao nao umefanana mno. Mmoja akate irabu, mwingine aandike maneno kamili, nawe usivuke hapo: ukurasa mzima wa "xaxa" na "cjui" unachosha macho. Tazama:

Hamisi: mambo vp, umelala?
Somoe: Bado, mama anasali
Hamisi: kuna k2 nataka kukwambia
Somoe: Kesho
Hamisi: Sawa.

Kijana ambaye hajawahi kuweka herufi kubwa wala nukta, leo kaviweka vyote viwili. Amenuna. Kwa hiyo ile sentensi yako, "Hamisi alikasirika sana", ifute.

Sura ya nne mpe kondakta wa basi la asubuhi kutoka Lindi, nitaipokea stendi Jumatatu. Mama msalimie sana.

Wasalaam,
Shoga yako Zuhura